Mtoto ana mafua, au tumbo lilimsumbua jana: aende kwenye kikundi au abaki nyumbani?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, wazazi na walezi wenzangu, nawasalimu wote.

Naomba tujadili jambo linalosumbua karibu kila nyumba yenye watoto, nalo ni mtoto ambaye si mzima sawasawa na wala si mgonjwa wa kulala kitandani. Mtoto aliyezidiwa hana mjadala, kwa sababu hata mwenyewe hataki kuinuka. Anayetutia mashakani ni yule aliyeamka na makamasi, au aliyekohoa usiku, au aliyeharisha jana na leo anacheza kana kwamba hapakuwa na lolote, huku saa ya mazoezi, ya kwaya au ya safari ya kikundi inakaribia na yeye ameshavaa viatu. Mimi ni mzazi, na kwa miaka mingi nimekuwa pia mlezi wa vikundi vya watoto, kwa hiyo nalifahamu jambo hili kwa upande wa anayemleta mtoto na kwa upande wa anayempokea.

Wengi wetu hujiuliza swali moja tu: anaumwa kiasi gani? Naona swali hilo likiachwa peke yake linatupotosha, kwa kuwa mtoto anayeonekana kuumwa anaweza kuwa na masalia ya kikohozi yasiyomdhuru mtu, na mtoto anayerukaruka anaweza kuwa ndiyo kwanza anaanza kuambukiza tetekuwanga. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika miongozo yao kwa vituo vya kulelea watoto, hutumia vigezo vitatu ambavyo nimeviona vinafaa kwa kikundi chochote. Je, mtoto ataweza kushiriki bila kuteseka? Je, walezi wataweza kumhudumia bila kuwaacha wengine wakikosa uangalizi? Je, ugonjwa wenyewe ni wa aina inayoweza kuwadhuru wenzake? Jibu likiwa baya kwa moja tu kati ya hayo matatu, mtoto abaki nyumbani, hata kama mawili yaliyobaki ni mazuri.

Kigezo cha pili ndicho tunachokisahau zaidi sisi wazazi. Mtoto mwenye mafua nyumbani ana mtu wa kumpangusa, kumnywesha maji kila baada ya muda na kumpakata akinung'unika. Kwenye kikundi, mtu huyohuyo ana watoto wengine kumi au ishirini wanaokimbia, na kila dakika anayoitumia kwa mtoto wako asiye na nguvu ni dakika ambayo mwingine yuko karibu na ngazi, barabara au maji bila jicho la mtu mzima. Kwa hiyo mtoto asiyeambukiza kabisa, aliyechoka tu baada ya kuugua, anaweza bado kuwa mtoto wa kubaki nyumbani kwa siku moja zaidi.

Sasa nianze na mafua, kwa sababu ndiyo yanayoleta mabishano mengi. Mtoto mdogo mwenye afya njema anaweza kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na kikohozi kinachoambatana na kila mafua kinaweza kuchukua wiki 2 hadi 3 kuisha. Tukisema kila mwenye kamasi au kikohozi akae ndani mpaka akauke kabisa, tunamfungia mtoto miezi mitatu na zaidi kwa mwaka, na hakuna kikundi kitakachobaki na watoto. Tena haina faida kubwa, kwa kuwa virusi vya mafua huanza kusambaa kabla dalili hazijaonekana na husambaa zaidi katika siku 2 au 3 za mwanzo. Mtoto anayekohoa kidogo siku ya kumi, anayekula, anayelala na anayecheza, aende. Wale wanaomrudisha mlangoni kwa sababu makamasi yake ni ya kijani wanamwonea, maana rangi hiyo hutokana na chembechembe za kinga ya mwili zinazofanya kazi yake, na peke yake haithibitishi kwamba ana bakteria wala kwamba anahitaji antibayotiki.

Homa ni habari nyingine. Kipimo kinachotumika kwa kawaida ni nyuzi joto 38 za Selsiasi na kuendelea, na ninasisitiza kipimajoto kwa sababu kiganja cha mzazi kwenye paji la uso hudanganya pande zote mbili. Mtoto aliye chini ya miezi 3 akifika kiwango hicho hatuzungumzii tena kikundi, tunazungumzia kumpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo bila kusubiri. Kwa wakubwa zaidi, utaratibu unaotumika sana ni kwamba mtoto arudi kwenye kikundi baada ya saa 24 bila homa na bila dawa ya kushusha homa, na dalili nyingine zikiwa zinapungua. Na ikiwa mnaishi au mmetembelea mahali penye malaria, kila homa ipimwe mapema, kwa sababu kumtazama mtoto kwa macho hakuwezi kuitofautisha homa ya mafua na homa ya malaria.

Hayo maneno "bila dawa" ndiyo hasa yaliyonifanya nifungue uzi huu. Uko mtindo, na tunaujua sote, wa kumpa mtoto parasetamoli asubuhi, kusubiri nusu saa mpaka apoe, kisha kumfikisha kwenye kikundi akiwa anatabasamu na mzazi akisema kwamba mtoto hajambo. Parasetamoli hufanya kazi kwa saa 4 hadi 6. Mlezi humpokea mtoto mzima, humweka katikati ya wenzake, wanashikana mikono, wanapokezana mipira na filimbi, na baada ya saa kadhaa humkuta amekaa pembeni na magoti kifuani, mashavu yana moto, midomo imekauka, anatetemeka wakati wenzake wanatoka jasho. Wakati huo ndipo mlezi anapoanza kupiga simu, na mara nyingi simu haipokelewi. Mtoto huyu ametendewa ubaya mara mbili: amepelekwa akiwa mgonjwa, na ameachwa na mtu asiyejua alipewa nini wala saa ngapi, kiasi kwamba mlezi hawezi hata kumpa dozi nyingine bila hofu ya kumzidishia. Siwalaumu wazazi kwa kutumia dawa, kwa kuwa dawa ya homa ni ya kumpunguzia mtoto maumivu na tunapaswa kuitumia kwa ajili hiyo. Ninachokipinga kwa moyo wangu wote ni kuitumia kama pazia. (Aspirini, kwa walio nayo kabatini, wasipewe watoto wenye homa ya virusi hata kidogo, kwa sababu inahusishwa na ugonjwa wa Reye unaoharibu ini na ubongo.)

Kuharisha na kutapika ndiko ambako mimi sina huruma. Mwongozo wa afya ya umma wa Uingereza unataka mtoto akae nyumbani hadi zipite saa 48 tangu alipoharisha au kutapika kwa mara ya mwisho, na ingawa wapo wanaoruhusu muda mfupi zaidi, nafuata saa 48 kwa vikundi vyangu vyote. Saa hizo huhesabiwa kuanzia tukio la mwisho, siyo la kwanza. Mtoto aliyetapika usiku wa manane na kuamka akiomba chakula anaonekana amepona, lakini kama aliugua kwa norovirusi, yaani virusi vinavyosababisha kutapika na kuharisha, bado vinatoka kwa wingi kwenye kinyesi chake, na vichache tu vinatosha kumwangusha mwingine. Zaidi ya hapo, vitakasa mikono vyenye alkoholi haviviwezi vizuri virusi hivi. Inatakiwa sabuni na maji yanayotiririka, na mtoto wa miaka minne hawezi kuachiwa kazi hiyo peke yake chooni.

Yapo magonjwa ambayo hayahitaji mjadala kwa kuwa siku zake zinajulikana. Tetekuwanga huambukiza siku 1 au 2 kabla ya vipele kutokea na huendelea mpaka vipele vyote viwe vimekauka na kufanya gaga, jambo ambalo kwa kawaida huchukua siku 5 hivi. Neno la kushika hapo ni "vyote", maana wazazi hutazama usoni na kusahau mgongo na kichwa. Surua huambukiza kuanzia siku 4 kabla ya upele hadi siku 4 baada yake, virusi vyake vinaweza kubaki hewani chumbani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka, na kati ya watu 10 wasio na kinga waliokuwa karibu naye, 9 wanaweza kuupata. Matubwitubwi yanahitaji siku 5 tangu uvimbe uanze. Kifaduro kinahitaji antibayotiki na siku kadhaa za kukaa mbali na wenzake kama daktari atakavyoelekeza, na bila matibabu kinaweza kuendelea kuambukiza hadi wiki 3, muda unaotosha kukifikisha kwa kitoto kichanga cha jirani.

Kwa upande mwingine, wapo watoto tunaowafungia bila sababu. Mwenye chawa anahitaji dawa na kitana chenye meno ya karibu karibu, hahitaji kutolewa katikati ya kikundi mbele ya wenzake, kwa kuwa chawa wa kichwani hawaenezi ugonjwa na kwa kawaida wamekuwepo wiki kadhaa kabla ya kuonekana. Mwenye mapunye aanze dawa na arudi. Mwenye macho mekundu yenye tongotongo kidogo, asiye na homa, asiye na maumivu na anayeona vizuri, kwa miongozo ya Marekani na ya Uingereza pia si lazima akae nyumbani, isipokuwa watoto wengi wa kikundi wameanza kuugua kwa pamoja. Najua kauli hii ya macho itawashtua baadhi yenu, na niko tayari kuijadili.

Kabla ya kuamua lolote asubuhi, kuna kipimo kimoja ambacho hakigharimu chochote na wazazi wengi hawajafundishwa, nacho ni kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunulie shati mpaka kifua na tumbo vionekane, weka saa mbele yako, na uhesabu kila kifua kinapoinuka kwa dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili, kwa sababu watoto hupumua bila mpangilio. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba kupumua mara 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na mara 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, ni kupumua haraka, na mtoto mwenye kikohozi anayepumua hivyo anaweza kuwa na nimonia. Tazama pia kama nyama chini ya mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa. Mtoto wa namna hiyo huitwa "mwenye kikohozi kidogo tu" na watu wasiomfunua shati.

Dalili nyingine za kwenda moja kwa moja hospitalini ni mtoto kulegea asiamke vizuri, kukataa kunywa kabisa, kutapika kila anachokunywa, degedege, shingo kukakamaa, kulia bila machozi huku mkojo umepungua, au madoadoa ambayo hayafifii ukiyakandamiza kwa glasi safi. Kwenye ngozi nyeusi madoadoa hayo huonekana kwa shida, kwa hiyo angalieni viganja, nyayo, ndani ya kope za chini na kaakaa.

Mwisho wa maelezo yangu ya ufunguzi ni kwa viongozi wenzangu wa vikundi. Tunawaomba wazazi wawe wakweli, halafu tunaufanya ukweli uwe mgumu kwao. Kikundi kinachotoa zawadi kwa mtoto ambaye hakukosa hata siku moja kinamlipa mzazi aliyemleta akiwa na homa. Kocha anayemwondoa mtoto kwenye mchezo wa mwisho wa wiki kwa sababu alikosa mazoezi ya katikati ya wiki akiugua, anawafundisha wazazi wote waliosimama pembeni kwamba mwakani wanyamaze. Ada isiyorudishwa wala kuhamishwa hufanya kazi hiyo hiyo kimya kimya. Ningependa kila kikundi kiwe na maandishi ya nusu ukurasa, yanayotolewa siku ya kujiandikisha na si siku ya ugomvi, yakieleza ni wakati gani mtoto abaki, ni wakati gani arudi, nani atapigiwa simu, na kwamba mtoto aliyekosa kwa ugonjwa hatapoteza nafasi yake.

Karibuni tujadiliane.

Mama Mapacha

Dada, nakushukuru kwa uzi huu, lakini naomba nikuulize kwa heshima. Mimi nalea peke yangu, na kazini kwangu nisipofika silipwi. Kikundi cha baada ya masomo ndicho kinachonishikia watoto hadi nitoke kazini. Watoto ni wawili na huugua kwa zamu, mmoja akipona mwingine anaanza. Nikifuata saa 48 zako kwa kila mmoja, nitapoteza kazi. Wewe ungefanya nini?

Mleta mada

Mama Mapacha, swali lako ndilo zito kuliko yote, na sitalijibu kana kwamba kila mtu ana bibi nyumbani anayesubiri kuuguza. Mzazi anayechagua kati ya ugonjwa wa mtoto na chakula cha mtoto hakosi uadilifu, anakosa msaada.

Jambo la kwanza ninalokusihi ni kwamba usizitumie siku zako chache za ruhusa kwa mafua yasiyo na homa. Watoto wako wakiwa na kamasi na kikohozi tu, wanakula na wanacheza, wapeleke na umwambie mlezi. Zihifadhi siku hizo kwa homa na kwa matumbo. Hata uamuzi wa kumfungia mtoto bila sababu una gharama, na gharama hiyo inamlemea zaidi mtu wa hali yako.

La pili ni kupanga mtu kabla ya ugonjwa. Nimeona wazazi wawili au watatu wa kikundi kimoja wenye zamu tofauti za kazi wakikubaliana mapema kwamba mtoto wa mmoja akishindwa kwenda, mwingine atakaa naye, ilimradi nyumba inayompokea haina kichanga wala mtu mwenye kinga dhaifu. Makubaliano ya namna hii hayapatikani saa moja asubuhi kwa simu ya kuombaomba. Hupatikana wakati wote wako wazima, na kila mmoja anajua ni magonjwa gani yuko tayari kuyapokea nyumbani kwake. Muulize pia mwajiri sasa, mtoto akiwa mzima, kama unaweza kubadilishana zamu au kufidia saa.

La tatu ni kwa watu kama mimi. Kiongozi wa kikundi anayejua kwamba mzazi fulani hana mtu, anaweza kumtengea mtoto mwenye uchovu kona tulivu yenye mkeka na kitabu badala ya kumrudisha. Hilo linawezekana kwa mtoto asiyeambukiza jambo la hatari. Kwa anayeharisha haliwezekani, na hapo ndipo unapomhitaji yule mliyepanga naye.

Baba wa Wanne

Naheshimu maelezo, ila naona tunawalea watoto kama mayai. Sisi tulichezea pamoja na wenzetu wenye mafua, tetekuwanga na surua, na tuko hapa. Mtoto aachwe augue ili mwili ujifunze. Huyu anayefichwa kila siku atakuja kuugua vibaya akiwa mkubwa.

Mleta mada

Ndugu yangu Baba wa Wanne, katika mafua hatupishani sana, na ndiyo maana nimesema mtoto mwenye kamasi aende. Ni kweli kwamba mtoto hupambana na mafua mengi mwanzoni mwa maisha ya kikundi na kisha hupungua. Lakini hata hapo, virusi vya rhino vinavyosababisha sehemu kubwa ya mafua vina aina zaidi ya 100, na kinga dhidi ya aina moja haimkingi mtoto dhidi ya nyingine zote, kwa hiyo hakuna mafunzo ya mara moja yanayomaliza kazi.

Kuhusu surua, naomba nipinge waziwazi. Surua haiuimarishi mwili, inaudhoofisha. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watoto waliougua surua walipoteza sehemu ya kingamwili walizokuwa wamejijengea dhidi ya magonjwa mengine, yaani mwili ulisahau vita ulivyokwisha kushinda, na mtoto akabaki wazi kwa maradhi mengine kwa muda mrefu baadaye. Wanaosema "tuko hapa" ni wale waliobaki. Waliokufa kwa surua, waliopofuka na waliopoteza usikivu hawawezi kuchangia uzi huu. Njia ya kuufundisha mwili kuhusu surua ni dozi mbili za chanjo, na mtoto aliyechanjwa hajafichwa popote, bali amefundishwa bila kulipa gharama hiyo.

Ukiniambia kwamba tunawapeleka kwa daktari kwa kila chafya, nitakubali. Ukiniambia tumpeleke mtoto wa surua akacheze na wenzake ili wajifunze, sitakubali kamwe.

Mzazi Mkimya

Mimi huwa nasoma tu, lakini leo naomba niseme. Mtoto wetu anatibiwa saratani ya damu. Madaktari wanamruhusu kuhudhuria kikundi chake cha uchoraji wakati kinga yake ikiwa nzuri kidogo, na hiyo ndiyo furaha yake kubwa. Hatuombi wengine wasihudhurie wakiwa na kamasi, kwa sababu tunajua haiwezekani. Tunachoomba ni kuambiwa. Mara moja tulipata habari ya mtoto mwenye tetekuwanga baada ya wiki mbili, tena kwa bahati, kutoka kwa mtoto mwingine.

Mleta mada

Ndugu yetu, nakushukuru sana kwa kuvunja ukimya, na ninawaomba wote wausome ujumbe huu mara ya pili.

Kwa mtoto ambaye kinga yake imepungua kwa sababu ya matibabu, tetekuwanga inaweza kuingia mapafuni na kwenye ini. Ipo kinga ya dharura anayoweza kupewa baada ya kukutana na mgonjwa, lakini muda wake huhesabiwa kwa siku, na kadiri inavyotolewa mapema ndivyo inavyosaidia zaidi. Habari inayofika baada ya wiki mbili inakuta muda huo umekwisha. Hali inafanana kwa mama mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga wala kuchanjwa, na vikundi vyetu vimejaa walezi vijana na akina mama wa aina hiyo wanaokuja kuchukua watoto. Mtoto mwenye selimundu naye, akipata homa, anahitaji daktari siku hiyo hiyo, kwa hiyo wazazi wake pia wanastahili kujua ni nini kinazunguka.

Viongozi, jambo hili linawezekana bila kumwaibisha mtu. Tangazo linataja ugonjwa na siku mtoto alipokuwepo, halitaji jina: "Mmoja wa watoto waliohudhuria Jumanne amethibitika kuwa na tetekuwanga. Ikiwa mtoto wako ana kinga dhaifu au wewe ni mjamzito, tafadhali wasiliana na daktari wako leo." Sentensi mbili, siku hiyo hiyo. Na mzazi wa mtoto mwenye tetekuwanga asisubiri kuulizwa, kwa sababu mtoto wake aliambukiza tangu kabla ya kipele cha kwanza, na hilo si kosa la mtu yeyote.

Kocha wa Jioni

Mimi nafundisha watoto kuogelea na riadha. Naomba ufafanuzi kwa upande wa michezo, maana wazazi wengi huniambia kwamba jasho linatoa mafua, na wengine humleta bwawani mtoto aliyeacha kuharisha siku mbili zilizopita wakisema klorini inaua kila kitu.

Mleta mada

Kocha, asante kwa kuleta jambo la maji, maana hapo saa 48 hazitoshi kila mara.

Kuna kijidudu kinachoitwa kriptosporidiamu kinachosababisha kuharisha na chenye ganda gumu kiasi kwamba kinaweza kuishi zaidi ya siku 7 kwenye maji ya bwawa yaliyowekwa klorini ipasavyo. Mtoto aliyethibitika kuwa nacho anatakiwa akae nje ya bwawa kwa wiki 2 baada ya kuacha kuharisha, ingawa anaweza kurudi kwenye shughuli nyingine za nchi kavu mapema zaidi. Tatizo ni kwamba watoto wengi wanaoharisha hawapimwi kinyesi, kwa hiyo wengine huutumia muda huo wa wiki 2 kwa kila aliyeharisha kabla ya kumrudisha majini. Mimi nisingemwona kocha anayefanya hivyo kuwa mkali kupita kiasi. Watoto humeza maji wanapoogelea, na bwawa moja hukusanya watoto wa nyumba nyingi.

Kuhusu jasho, mazoezi hayatoi mafua. Mtoto mwenye kamasi na pua iliyoziba tu anaweza kufanya mazoezi mepesi, na akikataa asilazimishwe. Mtoto mwenye homa, maumivu ya mwili mzima, kifua kinachobana au tumbo linalosumbua asifanye mazoezi kabisa, kwa sababu mazoezi huongeza joto na kupoteza maji katika mwili ambao tayari umepungukiwa, na baadhi ya virusi, ingawa si mara nyingi, hushambulia msuli wa moyo. Akirudi baada ya homa, mpunguzie kazi kwa siku chache. Akilalamika maumivu ya kifua, mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida au kuishiwa pumzi kuliko wenzake, msimamishe na apelekwe kwa daktari kabla ya zoezi jingine. Mwenye pumu aliyepata mafua aje na dawa yake ya kuvuta mkononi mwake, siyo kwenye begi lililofungiwa ofisini, na wewe ujue inatumiwaje kabla ya kupuliza filimbi ya kwanza.

Na unapompokea mtoto mlangoni, kocha, badala ya kuuliza kama hajambo, muulize mzazi maswali mawili ambayo yana jibu la wazi: je, tangu juzi amepata homa, ametapika au ameharisha, na je, leo amepewa dawa yoyote, saa ngapi? Nimewazoesha wazazi wa kikundi changu kujibu hayo kila siku, kwa mtoto mzima na kwa mgonjwa sawasawa, na kwa kuwa kila mmoja anaulizwa, hakuna anayejiona ameshukiwa.